Kata ya Kuonja

“Bado,” alisema Kitsao, akapangusa masharubu kwa kiganja. “Inauma kama siafu. Ongeza uji.”

Kadii akapokea kata tupu, akarudi jikoni.

Pombe hii ya mtama ilipikwa iwe tayari Alhamisi. Lakini wageni wa Kaloleni walipatwa na msiba, wakasogeza ziara hadi Jumamosi, na kwa joto la Ganze mtungi haukuwasubiri. Uliendelea kuchacha siku mbili zaidi. Alfajiri ya leo Kadii alipoufunua, harufu yake ilimtoa machozi.

Pombe ya posa haitakiwi hivyo. Ya matanga, sawa, watu waanguke watakapo. Ya posa ni ya kulainisha maneno tu, wazee wabaki wima mpaka neno litolewe. Na neno la nyumba hii lilikuwa la Kitsao. Tangu nduguye, mume wa Kadii, alipofariki, yeye ndiye wa kupokea kata ya kwanza mbele ya wageni, kuwamwagia koma, mizimu ya ukoo, tone lao, kisha kutamka kama Wangu, binti wa Kadii, anatolewa au hatolewi.

Wangu alikuwa na miaka kumi na minne. Mtihani wa darasa la saba ulibakiza majuma matatu. Mposaji alikuwa na wake watatu, na meno yasiyowazidi sana.

“Si ndiyo hesabu mnayofunzwa huko ngumbaru?” Kitsao alipaza sauti kutoka kivulini mwa ghala, alikonyosha miguu tangu asubuhi. “Watu wazima, jioni jioni, wamejibana kwenye madawati ya watoto! Na pombe tu imekushinda, mwalimu.”

“Nimekosa, shemeji.”

“Mama yangu hakujua a wala be, na pombe yake haikumliza mtu.”

“Ni kweli, shemeji. Ndiyo maana nataka uonje wewe. Ulimi wangu mimi haujui kitu.”

Hilo lilimpendeza. Kitsao alikuwa mwepesi wa kupendezwa, mradi kinachosifiwa ni chake.

Jikoni ukasikika uji ukimiminwa, mwiko ukizunguka. Kadii akatoka na kata imejaa. Kitsao akaigugumia yote. Kuonja kwake hakukujua nusu.

“Bado! Huo uji umeutia, au umeuonyesha mtungi tu?”

Kata ya nne alisema ina nafuu. Ya tano akasema la, ukali umerudi. Ya sita alimweleza Kadii jinsi wanawake wasivyoweza jambo bila mwanamume wa kuwasimamia. Ya saba akamweleza tena, neno kwa neno, sasa akimwita kwa jina la marehemu mama yake.

“Nimetia sufuria tatu za uji, shemeji. Nitie ya nne?”

“Tia! Mimi nimenyonya tembo la mnazi kabla ya maziwa. Mimi ndiye… ndiye nitakayejua.”

Wangu alipita na ndoo ya maji kichwani, miguu imejaa vumbi la njia ndefu. Akachungulia jikoni.

“Mama, uji wote umekwisha?”

“Umekwisha. Tua ndoo, kasome.”

Kata ya tisa ilimkuta Kitsao akisema “bado” kabla haijafika mdomoni.

Wageni walifika baada ya adhuhuri, wazee watatu na mbuzi wawili wa kamba moja. Wakapiga hodi. Aliyewaitikia ni Kadii peke yake.

“Karibuni, baba zangu. Shikamooni.”

Kitsao alikuwa chali palepale ghalani, kofia kifuani, akikoroma, inzi wakiingia na kutoka kinywani kama wenye nyumba. Mzee Lewa, msemaji wa wageni, akamgusa kwa ncha ya bakora. Kitsao akafumbua jicho moja.

“Ongeza uji,” akasema, akalifumba.

“Huyu ndiye wa kutupa neno?” Mzee Lewa aliuliza.

“Ndiye, baba. Hakuna mwingine.”

Kadii akautoa mtungi uani, akachota mbele ya macho yao, akapiga magoti na kukabidhi. Mzee Lewa akaonja. Akaonja tena. Akatema mchangani.

“Huu ni uji.”

“Ilikuwa kali, baba, ikabidi ipunguzwe. Shemeji mwenyewe ndiye aliyesimamia.”

“Uji wa kulazia watoto! Na huyu, kalewa uji?”

Mzee wa pili akaangua kicheko. Mzee Lewa hakucheka. Aliutazama mtungi, akamtazama anayekoroma, akatikisa kichwa kama aliyekwisha kuona mwisho wa jambo.

“Kainywa pombe yetu, kisha kajaza uji mahali pake,” alisema. “Mwenyeji anayewatangulia wageni mtungini amekwisha kuwafukuza. Sisi hatuchukui mke hapa. Si leo, si mwakani. Na atakayetuuliza sababu, tutamweleza.”

Wakafungua mbuzi wao, wakashika njia. Kitsao aliwaaga kwa mkoromo.

Vumbi lao lilipotua, Kadii alimwita Wangu aje na kitabu cha hesabu. Kisha akaingia jikoni, akasogeza jiwe la kusagia, akatoa kibuyu alichokijaza mtungini alfajiri, kabla ya sufuria ya kwanza ya uji. Akakiinamisha juu ya kata. Kati ya kata kumi alizozipima humo kwa ajili ya shemeji, ilibaki moja.