Ripoti ya Saa Moja

Simu iliita saa moja kamili asubuhi. Mwanatumu akaweka chini kikombe cha chai, akakohoa kidogo, akatoa sauti yake ya ofisini.

"Ofisi ya viwanja, Machakos."

"Habari ya asubuhi, madam. Ni Wambua wa Kithimani. Uwanja uko wazi. Mbuzi nimetoa. Upepo ni wa mashariki. Ndege hakuna."

"Goti je, mzee?"

"Linasumbua, lakini nimefika." Nyuma yake jogoo aliwika na sufuria zikagongana. "Na wewe madam, kazi bado iko?"

"Iko, mzee. Nimepokea. Endelea."

"Haya. Bora iko," akasema Wambua, akashusha pumzi ndefu.

Simu ilipokatika, Mwanatumu alibaki akitazama meza yake ya kulia chakula. Ofisi hakuwa nayo. Alistaafu miaka sita iliyopita.

Enzi zake, walinzi wa viwanja vidogo vya ndege kumi na kimoja walimpigia kila asubuhi, naye akaandika kwenye daftari kwamba hakuna ndege iliyotua. Halafu wakubwa wa Nairobi wakaanza kuvipunguza. Kimoja kikawa soko, kingine kikaota nyumba za watu, na hakuna aliyeuliza. Kila barua ilipokuja, Mwanatumu ndiye aliyempigia mlinzi kumwambia arudi nyumbani. Alipobakiwa na Kithimani peke yake, alimtania Wambua: "Ripoti yako ndiyo inayoniweka kwenye kiti hiki, mzee. Ukinyamaza, nami nafukuzwa." Wakacheka wote wawili.

Barua ya kufunga Kithimani ilifika wiki ile ile Wambua alipomzika mkewe. Mwanatumu akaona haya. Nitamwambia wiki ijayo, alijisemea. Mzee mwenyewe alikuwa kwenye pensheni tayari. Alibaki kazini kwa sababu tu hakuna aliyekuja kupokea ufunguo wa lango. Wiki ijayo ikazaa mwezi, miezi ikamkuta Mwanatumu naye amestaafu, na simu ya mkononi ambayo Wambua aliizoea ikahamia nyumbani pamoja naye.

Sasa mzee wa miaka sabini na mitatu alikuwa akijikokota kila alfajiri na goti bovu, kufukuza mbuzi kwenye uwanja usiokuwa kwenye orodha yoyote nchini. Yote kwa ajili ya uongo wake yeye. Mwanatumu alikuwa amechoka. Alichoka kujifanya, alichoka kuamka akiiogopa simu, na kuogopa zaidi kwamba siku moja haitaita, kumbe mzee ameanguka huko peke yake.

"Leo nakwenda kumwambia usoni," alimwambia binti yake, Maryam, akijitanda mtandio.

"Atalia, mama."

"Na alie. Kulia hakuvunji goti."

Alishuka Kithimani saa nne, jua limeanza kukaza. Ilibidi aulize njia mara mbili. Katika miaka yote ya kazi hakuwahi kukiona kiwanja kile. Alikijua kwa masikio tu.

Hakukuta kiwanja. Alikuta shamba la ndengu, mistari imenyooka kutoka ua hadi ua, limepaliliwa vizuri. Nguzo ya kitambaa cha upepo ilikuwa bado imesimama mbele ya nyumba moja ya bati, ila ilifungwa kamba, na kwenye kamba hiyo mwanamke alikuwa akianika shuka. Sufuria zilikuwa zimeinamishwa juani. Jogoo alipita katikati yake bila haraka.

"Natafuta kiwanja cha ndege," Mwanatumu alisema. "Na mlinzi wake, Mzee Wambua."

"Umechelewa, mama." Mwanamke alicheka. "Mimi ni Kalunde, msichana wake. Hiyo kiwanja ilifungwa kitambo. Chifu aliletea baba barua hata kabla matanga ya mama iishe. Miaka sita sasa. Tukaambiwa tulime."

Mwanatumu aliketi juu ya jiwe bila kukaribishwa. "Alijua?"

"Si alisoma barua mwenyewe?"

"Na sasa yuko wapi?"

"Ameenda kliniki Matuu na hiyo goti yake. Nilitaka atoke mapema apate laini fupi, akakataa. Ati lazima kwanza apige simu ya saa moja." Kalunde akatoa kibanio mdomoni, akamtazama mgeni vizuri. "Kwani wewe umetoka hiyo ofisi ya Machakos?"

"Hapana," Mwanatumu alisema. "Mimi ni mpita njia tu."

"Basi ukipita huko, tafadhali usiseme umeona ndengu. Kuna mama mmoja amebaki hapo peke yake. Baba anasema siku huyo mama atakosa ripoti, watamfuta kazi."