Sauti ya Mama Yake Fundi Saa

Kaseti ilikuwa inazunguka vizuri tu, ila ndani ya hedifoni hakukuwa na mtu.

Chiriku aliirudisha nyuma, akasikiliza tena. Kimya. Akaipeleka mbele. Kimya, halafu kikohozi, tena kikohozi chake mwenyewe, na kiti kikilalamika chini yake. Hapo ndipo alipoiangalia vizuri ile redio-kaseti kuukuu. Kitufe alichokibonyeza mara ya kwanza hakikuwa cha kusikiliza. Kilikuwa kile chekundu, cha kurekodi.

"Mungu wangu," alinong'ona. "Nimemfuta mama wa watu."

Majuto ni mjukuu, wanasema. Wake alizaliwa papo hapo, akaanza kulia.

Alikuwa amekuja jumba la makumbusho kwa mafunzo ya vitendo, akapangiwa chumba cha kumbukumbu, kazi yake kunakili kaseti za zamani ziingie kwenye kompyuta kabla hazijaharibika. Msimamizi wake alikuwa mama mmoja aliyekaribia kustaafu. Wanafunzi walimwita Mama Kabati, kwa sababu hafunguki mpaka umvute kwa nguvu.

Siku ya kwanza kabisa, Mama Kabati alimwekea kaseti hiyo. Mwanamke mmoja, kwa sauti ya taratibu, alisimulia habari za fisi aliyemeza ngoma, akawa hawezi tena kumnyemelea mtu, kwani kila akipiga hatua tumbo linapiga mdundo. Chiriku alicheka mpaka machozi. Mama Kabati hakucheka. Alinyoosha mkono akapunguza sauti.

"Huyo ni mama yake fundi saa," alisema. "Alikuwa msimulizi wa redioni. Ameshafariki, amebaki humu tu. Mwanawe huja mara moja kila mwaka, akakaa hapo, akamsikiliza, akaenda zake. Hii usiiguse. Nitainakili mwenyewe."

Lakini Chiriku alitaka sifa. Alipomaliza kaseti nyingine zote, aliona amfanyie msimamizi wake hisani. Na kesho ndiyo ilikuwa siku ya fundi saa.

Jioni hiyo alifika nyumbani akapita moja kwa moja jikoni, asimsalimie hata paka. Shangazi yake, aliyemlea na kumpa jina hilo la Chiriku kwa jinsi alivyokuwa haishi maneno, aliweka mwiko chini.

"Leo nani kakufunga mdomo?"

Akamweleza yote.

"Nenda ukaseme ukweli," shangazi akasema.

"Watanifukuza."

"Wakufukuze. Kwani hapa utakosa kula?"

"Si kufukuzwa, shangazi. Ni yule mzee. Amengoja mwaka mzima amsikie mama yake, halafu avae hedifoni anisikie mimi nakohoa!"

Shangazi alipunguza moto. Alifunika sufuria, akakaa, akajifuta mikono kwa kanga.

"Hiyo hadithi ilikuwaje?"

Walifunga mlango na dirisha, Chiriku akaitoa ile kaseti mkobani, akaitia kwenye redio ya shangazi, akabonyeza kitufe chekundu. Mara ya kwanza shangazi alisimulia kama anayetangaza msiba. Mara ya pili alichekacheka. Mara ya tatu alisahau kabisa kama kuna mashine, na fisi akatembea, na ngoma ikalia.

Asubuhi Mama Kabati alichungulia mlangoni tu. "Mgeni akija mwekee wewe. Mimi nina shughuli juu." Akaenda, kama alivyofanya kila mwaka siku hiyo, kwa maneno ya mlinzi wa getini.

Fundi saa alikuwa mzee mwembamba, shati kalifunga vifungo mpaka shingoni. Alisalimia, akaketi, akavaa hedifoni kwa uangalifu, kama anayevalishwa taji. Akafumba macho.

Chiriku hakujua aangalie wapi. Mzee alitabasamu, na tabasamu lile likamchoma. Fisi alipoanza kutembea, mabega ya mzee yalitikisika kwa kicheko. Kuelekea mwisho, chozi moja lilimtoka, naye hakulifuta. Chiriku alijiona kama mwizi anayeshukuriwa na mwenye mali.

Mzee alivua hedifoni. "Ahsante, mwanangu. Leo fisi kanichekesha kweli."

Angeweza kujibu "karibu tena" yakaisha. Neno lilimfika kooni likakataa kutoka, likatoka lingine.

"Babu, nisamehe. Huyo si mama yako. Ni shangazi yangu. Mama yako nilimfuta jana kwa mkono wangu huu, na hakuna nakala nyingine. Nilikudanganya kwa sababu niliona aibu."

Alikuwa analia sasa, waziwazi, kama mtoto aliyevunja chungu. Alipoinua uso alimwona Mama Kabati amesimama mlangoni. Hakujua ameanza kusikia kutoka wapi. Ilitosha kuona jinsi alivyokauka, mkono kifuani, rangi imempotea usoni.

"Ni kosa langu, mama," Chiriku akamwambia. "Uliniambia nisiiguse."

Mama Kabati alitikisa kichwa.

Mzee aliinuka polepole. Hakuonekana kukasirika, wala kushtuka. Alimshika Chiriku bega.

"Nisalimie shangazi yako. Mwambie anajua kusimulia."

Kisha akaenda mpaka mlangoni, akasimama mbele ya Mama Kabati, akainamisha kichwa kidogo kwa heshima.

"Lakini mwakani, mama, tafadhali nisimulie tena wewe mwenyewe. Miaka yote hii nimeshaizoea sauti yako."