Utulivu wa Tetea

Tangu watoto wa sekondari wavishwe bangili za moyo, hakuna mzazi mjini Tukuyu aliyemuuliza mwanawe ameamkaje. Ya nini, wakati taa ya jikoni inasema yote? Ikiwaka kijani, mtoto yuko sawa. Ikiwaka nyekundu, gari la washauri linakuja kumchukua, na hakuna ajuaye atarudi lini.

Taa ya Atuganile ilikuwa kijani mwezi huo wote. Mama yake, Sekela, alijigamba mpaka kwenye kwaya. "Wangu ametulia kama maji mtungini," aliwaambia wenzake.

Asubuhi moja akaenda bandani kumwekea maji tetea aliyekuwa akiatamia. Kuku alipojiinua kidogo, kitu kikamulika chini ya manyoya. Sekela akainama. Mguuni mwa kuku ilikuwa imefungwa bangili ya binti yake, inawaka kijani.

Kumbe siku zote hizo alikuwa akimshukuru Mungu kwa utulivu wa kuku.

Akarudi jikoni. Atuganile alikuwa mezani na sare zake, uji umempoea, mikono ya sweta ameivuta mpaka vidoleni. Sekela akaketi, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Macho ya mtoto yalikuwa yamevimba. Swali likamtoka kwa shida, kama wimbo aliousahau.

"Umeamkaje, mwanangu?"

"Kuamka ni kwa aliyelala, mama."

Ukutani, nyuma ya kichwa chake, taa iliendelea kuwaka kijani.