Kidonge Alichopewa Wifi

Siku hizi kidonge cha kisukari hakishushi sukari tu. Kikifika tumboni hupima na mafuta kwenye damu na mishipa ya moyo, kisha ukuta wa jikoni humsomea majibu yule aliyeandikiwa dawa. Kidogo kama punje ya mtama, lakini umbea wake!

Mishi alikuwa akikanda unga wa mahamri ukuta ulipomwita.

"Bi Mishi, mafuta yameziba mshipa wa moyo wako. Keti. Gari la wagonjwa linakuja."

Alijigusa kifua. Hakusikia maumivu yoyote. Tena leo hata dawa hajameza. Kidonge chake cha mwisho alimpa jana wifi yake Mwanasiti, anayekaa ng'ambo ya kivuko, aliyeishiwa na vyake. Nani atamnyima wifi yake kidonge?

Sasa hiki kimeusoma moyo wa nani?

Jibu lilimjia mikono ikiwa bado na unga. Akampigia Mwanasiti simu.

"Mzima, wifi," Mwanasiti alisema huku akihema. "Nafua tu. Mbona sauti yako hivyo?"

"Acha kufua. Keti chini!"

Kishindo. Yalisikika maji tu, yakimwagika.

Mlangoni kwa Mishi, muuguzi wa lile gari alikuwa akibisha na kuliita jina lake.