Nyegere Aombolezwa Akiwa Hai

Nyegere hakuwahi kumpa adui kisogo, mpaka siku siafu walipompanda miguuni akatimua mbio mbele ya askari wenzake wote. Aibu ikamkaba. Akaapa kumvamia Simba peke yake, afe vitani kama ilivyowapasa askari waliokimbia.

Lakini desturi ilitaka kwanza aombolezwe, naye asikilize. Akaitwa Kwale, mwimbaji asiyeishiwa maneno.

“Lala, shujaa,” Kwale akaanza huku machozi yakimtiririka, “uliyemkimbia panzi…”

“Panzi? Siafu, we bibi! Tena kundi zima!”

“Marehemu habishi. Lala, uliyepigwa na kuku…”

“Uongo! Mimi nilimuua chatu, na mashahidi wapo!”

“Ukishakufa nitaimba nipendavyo. Nani atanikosoa?”

Nyegere akaketi. Kifo hakikumtisha hata chembe, lakini wimbo ule! “Simba atasubiri,” akanguruma. “Anza upya, nikusahihishe.”

Machozi ya Kwale yakakauka papo hapo.

Wanausahihisha mpaka leo. Nyegere amezeeka, ana wajukuu, na ubeti wanaoudai kila jioni ni ule wa siafu. Babu mwenyewe huuigiza, mkia juu, akitimua mbio kuzunguka nyumba.