Keki ya Istanbul

Pangani nzima hakukuwa na mwanamke mwenye ulimi mjuzi kama Bi Mwanaidi, na aliyelitangaza hilo ni Bi Mwanaidi mwenyewe. Zama hizo waliooana waliunganishwa ndimi: akila mmoja, mwenzake huonja, hata bahari iwe katikati.

Mumewe, Shekue, alikuwa ameaga kwenda Istanbul siku mbili kuuza kamba za mkonge. Akapiga simu, na kwa uziwi wake huiweka sauti ya simu juu mpaka mwisho, kila aliye karibu akasikia.

“Mke wangu, nimezungushwa misikiti mpaka nyayo zinawaka. Sasa nala keki ya wenyeji. Waionaje?”

Bi Mwanaidi akatafuna hewa, asielewe. Keki gani ya Kituruki yenye mchele na tui la nazi? Na mbona imeungua chini, halafu ikafichwa kwa iliki? Kuungua kule alikujua. Alikucheka Idi iliyopita, nyumbani kwa Zaituni, fundi cherehani wa mtaa wa pili.

“Tamu,” akasema. “Basi nisalimie Zaituni.”

Kabla Shekue hajameza, sauti ya kike ikaitikia huko nyuma, kwa mazoea tu: “Zimefika, shoga.”

Simu ikakatwa. Ulimini mwa Bi Mwanaidi ladha ile ikasimama palepale, haimezwi wala haitemwi.