Glavu ya Kipa Bora

Kitambaa kilipoondolewa kwenye tuzo, Ligoha aliitambua glavu yake. Kwa desturi ya ligi ile, kila kipa anayewania hutoa glavu moja, na ya mshindi peke yake ndiyo hupakwa dhahabu. Hii ilikuwa na kidole cha mwisho kifupi. Alikishona mwenyewe hivyo tangu alipopoteza ncha ya kidole chake golini.

"Ni yangu," alimnong'oneza mkewe, Tusa.

"Tulia, baba Neema. Hawajakutaja."

Klabu ilikuwa imemwambia wazi: akishinda ataongezewa mwaka mmoja, akikosa ndiyo mwisho wake wa kucheza. Akafunga kifungo cha koti.

Katibu wa ligi alifungua bahasha, akasoma kimya, akaitazama meza ya wadhamini, kisha akasogelea kipaza sauti. "Kipa bora wa msimu ni Mwinchande!"

Ukumbi ulilipuka kwa makofi.

"Labda aliyepaka amekosea," alisema Tusa.

"Alipewa glavu tatu, mke wangu. Kuna mtu alimwambia apake ipi."

Mwinchande, kijana wa klabu ya wadhamini, alishuka na tuzo akipongezwa meza kwa meza, hadi akafika kwao.

"Shikamoo, kaka. Msimu ujao zamu yako!"

"Marahaba. Hebu nione."

Mwinchande akaitazama ile glavu kwa makini kwa mara ya kwanza, akaacha kucheka. Aliiweka mezani kati ya sahani zao, lakini hakuiachia. Wapiga picha walikuwa wakisogea.